Kinamasi na Mizizi: Kuisoma Tena Riwaya ya Endo Shusaku

Miongoni mwa vitabu vya Wakristo wa Asia vinavyosomwa katika vyuo vya theolojia, ni vichache vilivyozua mabishano kama riwaya ya Endo Shusaku iitwayo Chinmoku, yaani "Kimya", iliyochapishwa Japani mwaka 1966. Endo (1923–1996) alikuwa Mkatoliki aliyebatizwa utotoni kwa mapenzi ya mama yake, naye alizoea kuufananisha Ukristo wake na suti ya Kizungu aliyovikwa na mama, isiyomkaa sawasawa mwilini. Katika makala haya hatukusudii kuisimulia riwaya yote. Tunataka kulichunguza neno moja lililomo, ambalo wahubiri na waandishi wamelirudia mara nyingi kana kwamba ni hukumu ya haki juu ya taifa zima: kwamba Japani ni kinamasi, na kila mche wa Injili upandwao humo huoza mizizi.

Kwa wale ambao hawajaisoma, habari yenyewe ni hii. Padre Rodrigues, Mjesuiti wa Kireno, anaingia Japani kwa siri wakati Ukristo umepigwa marufuku, ili amtafute mwalimu wake Ferreira, ambaye yasemwa ameikana imani. Ferreira hakubuniwa na mwandishi. Cristóvão Ferreira aliikana imani mwaka 1633 baada ya kuning'inizwa shimoni kichwa chini kwa muda wa saa tano hivi, akapewa jina la Kijapani, Sawano Chuan. Rodrigues naye ameumbwa kwa mfano wa Giuseppe Chiara wa Sicilia, aliyekamatwa mwaka 1643. Katika riwaya wanakijiji wanamficha padre, na wawili wao, Mokichi na Ichizo, wanafungwa kwenye miti baharini mpaka kujaa na kupwa kwa maji kunawamaliza. Kichijiro, mtu mwoga na mlevi, anamsaliti padre, kisha anamfuata kila mahali akililia maungamo. Mwishoni Rodrigues akiwa gerezani usiku anasikia sauti anayoidhania kuwa ni mlinzi akikoroma. Kumbe ni wakulima waliokwisha kuning'inizwa shimoni wakiugua. Wakulima hao wamekwisha kuikana imani, lakini hawatashushwa mpaka padre aikane yeye. Naye anaikanyaga fumie, ile sanamu ya Kristo iliyowekwa chini ili ikanyagwe.

Basi, ni nani anayelitamka neno la kinamasi? Ni Ferreira, mtu aliyevunjwa ambaye sasa analipwa na waliomvunja. Na Inoue, hakimu mwenye kazi ya kuwasaka Wakristo, analikubali kwa furaha. Wasomaji wengi, na wachungaji wamo, wameyachukua maneno ya mateka na ya mtesi wake wakayafanya kuwa theolojia ya umisioni. Hatudai kwamba Endo mwenyewe hakulitilia maanani wazo hilo. Lilimsumbua maisha yake yote. Lakini mwandishi mzuri hamweki shahidi wa namna hii kizimbani bila sababu, na ni wajibu wa msomaji kuuliza shahidi anapata faida gani.

Tuutazame ushahidi wenyewe. Ferreira anasema kwamba Wajapani hawakumwamini Mungu kamwe, kwa kuwa tangu mwanzo walilichanganya jina la Deus na Dainichi, Buddha mkuu wao. Ni kweli kwamba Fransisko Xavier, aliyepita Malindi mwaka 1542 akielekea India, alipofika Kagoshima tarehe 15 Agosti 1549 alianza kuhubiri kwa jina la Dainichi, kwa ushauri wa mkalimani wake. Lakini ni kweli pia kwamba aliligundua kosa katika muda wa miaka miwili hivi, akaliacha jina hilo, akaanza kusema Deus. Ferreira wa riwaya anasema kana kwamba kosa hilo halikusahihishwa kamwe. (Nasi tumwombao Mungu kwa jina walilolitumia wazee kabla ya ubatizo kufika, yatupasa kuwa waangalifu kabla ya kuhukumu kwamba jina la kale halifai kubeba Habari Njema.)

Hoja nzito zaidi inatoka katika historia ya utawala. Hideyoshi aliwaamuru wamisionari waondoke mwaka 1587, na tarehe 5 Februari 1597 Wakristo 26 walisulubiwa Nagasaki. Mwaka 1614 utawala wa Tokugawa uliupiga Ukristo marufuku nchini kote. Baada ya uasi wa Shimabara wa 1637–1638, Wareno walifukuzwa. Kila jamaa ililazimika kuandikishwa katika hekalu la Kibudha; kaya ziliwekwa katika makundi ya tano tano ili zichungane; mfichuaji wa padre aliahidiwa fedha; na huko Nagasaki watu walikanyagishwa fumie mwaka baada ya mwaka hadi miaka ya 1850. Tunauliza: ikiwa udongo wenyewe unaozesha mizizi, mbona walinzi wengi hivi, na kwa zaidi ya karne mbili? Kinamasi cha kweli hakihitaji askari. Kilichoukata mti huo ni upanga na daftari la serikali, na kuusingizia utamaduni wa Wajapani ni kumfichia mkataji kosa lake.

Tena mizizi haikuoza yote. Tarehe 17 Machi 1865 kikundi cha wakulima kutoka Urakami kiliingia katika kanisa jipya la Oura, Nagasaki, na mwanamke mmoja akamnong'oneza padre Mfaransa, Bernard Petitjean, kwamba moyo wao na wake ni mmoja. Kisha akauliza iko wapi sanamu ya Maria. Kwa miaka ipatayo mia mbili walikuwa hawana padre. Walikuwa na wazee wao: mmoja wa kutunza kalenda ya sikukuu, mwingine wa kubatiza. Walirithi sala zilizochanganya Kireno, Kilatini na Kijapani, na maandishi yaitwayo Konchirisan, yaliyotungwa mwaka 1603, yaliyofundisha kwamba mtu asiye na padre aweza kumwendea Mungu kwa toba ya kweli na kusamehewa. Waliikanyaga fumie, wakarudi nyumbani, wakatubu. Nao walipojitokeza hawakupata amani: kuanzia 1867 mateso yalianza upya, watu wa Urakami zaidi ya 3,000 walihamishwa kwa nguvu, na zaidi ya 600 walikufa uhamishoni kabla mabango ya marufuku hayajaondolewa mwaka 1873.

Hapa ndipo tunapoiona kasoro kubwa ya riwaya, nasi tunaisema tukiiheshimu. Endo anaitazama imani kwa macho ya padre peke yake. Swali linalomchoma ni hili: padre akianguka, je, Kanisa linabaki? Kwa mtu aliyelelewa katika Kanisa ambamo neema hupitia mikononi mwa kuhani, swali hilo ni la kufa na kupona. Wakulima wanateseka vizuri, wanakufa vizuri, lakini hawapewi nafasi ya kufikiri. Ilhali wao ndio waliojibu. Sisi tunaoungama pamoja na Ungamo la Augsburg kwamba Kanisa lipo palipo na Injili na sakramenti, tungetarajia kulitambua Kanisa katika chumba kile ambamo mzee mkulima alimmwagia mtoto maji kwa jina la Utatu. Baadhi yao imani yao ilichanganyika na ibada za mababu na ya Kannon, na wako wa visiwa kama Ikitsuki ambao hata baada ya 1873 hawakujiunga na Kanisa la Roma. Jambo hilo halituruhusu kuwadharau. Endo mwenyewe aliwarudia katika hadithi yake "Haha naru mono" ya mwaka 1969, na humo anawatazama kwa karibu zaidi kuliko katika Chinmoku.

Kuhusu sauti inayotoka katika fumie ikimruhusu padre akanyage, Walutheri wamegawanyika. Wako wanaoiita neema rahisi. Sisi hatukubaliani nao kabisa, kwa maana Rodrigues hapati nafuu yoyote: anapoteza jina, daraja, heshima, hata haki ya kuelezwa. Kitamori Kazo (1916–1998), Mlutheri aliyezaliwa Kumamoto, katika kisiwa kile kile cha Kyushu, alikuwa amekwisha kuandika mwaka 1946 juu ya theolojia ya maumivu ya Mungu, akianzia Yeremia 31:20 na kumsoma Luther kwa bidii. Kwake, Mungu anawakumbatia wale wasiostahili kukumbatiwa, na kumbatio hilo linamwumiza. Anayemjua Kitamori hatashangazwa na uso wa shaba uliochakaa kwa nyayo za watu. Hofu yetu ni nyingine: kwamba msomaji ataichukua sauti ile kuwa ruhusa ya jumla, akawasahau Mokichi na Ichizo waliokataa.

Neno moja juu ya mwisho wa kitabu, ambao wasomaji wengi huuruka kwa sababu umeandikwa kwa mtindo mkavu wa kumbukumbu za ofisi. Humo Rodrigues anaitwa kwa jina la Kijapani, anaandikishwa hati za kuikana imani, na Kichijiro, sasa mtumishi wake, anakutwa na alama ya Kikristo ndani ya kifuko alichovaa shingoni. Mtumishi dhaifu bado anaficha kitu. Padre anakufa, anazikwa kwa desturi za Kibudha na kupewa jina la marehemu la Kibudha. Katika filamu aliyoitoa Martin Scorsese mwaka 2016, mke wa padre anamwekea maiti msalaba mdogo mkononi, na mtazamaji anatoka amefarijika. Endo hakuandika hivyo. Alimwachia karani wa serikali kazi ya kuandika habari za kifo, na karani hakujua kilichokuwamo ndani ya mtu yule.