Mchujo Huanza Kabla ya Mkutano

Tarehe 25 Aprili 2015, mkutano mkuu wa CNDD-FDD, chama tawala cha Burundi, uliofanyika hapa Bujumbura ulimteua Rais Pierre Nkurunziza kugombea muhula wa tatu. Anayetaka kujua uteuzi ule ulivyofanyika asianzie Aprili, aanzie Februari.

Mwezi huo Jenerali Godefroid Niyombare, mkuu wa idara ya ujasusi, alimshauri rais kwa maandishi asigombee. Akaachishwa kazi. Machi, makada kadhaa mashuhuri wakatia saini waraka wa msimamo huohuo, nao wakatimuliwa. Kwa hiyo wajumbe walipoingia ukumbini, waliokuwa na neno la kupinga walikuwa wamekwisha kuondolewa. Iliyobaki ilikuwa kazi ya kupitisha.

Kasoro ya utaratibu ule naitaja kwa uchungu, maana gharama yake ililipwa mitaani. Mkutano wa uteuzi unapaswa kumpata mshindi, na pia kumpa aliyeshindwa mahali pa kushindwa. Hili la pili halikuwepo. Siku iliyofuata mkutano huo, maandamano yakaanza katika mitaa ya Musaga, Nyakabiga na Cibitoke. Mei 13, Niyombare huyohuyo akatangaza mapinduzi, yakashindwa.

Linganisha na jirani zetu Tanzania. Julai mwaka huo, Dodoma, wanachama 38 wa chama tawala cha CCM walikuwa wamerudisha fomu za kuomba kugombea urais. Kamati Kuu ikabakiza 5, Halmashauri Kuu ikabakiza 3, na mkutano mkuu ukampa John Magufuli kura 2,104, Amina Salum Ali 253, Asha-Rose Migiro 59. Manung'uniko yalikuwepo, tena makubwa: Edward Lowassa alikatwa kabla wajumbe hawajapewa nafasi ya kumpigia kura. Hata hivyo alihamia chama cha upinzani cha CHADEMA, na ugomvi wake ukaamuliwa na wapiga kura Oktoba.

CNDD-FDD ilipokutana Gitega tarehe 26 Januari 2020, kuna jambo lililokuwa limerekebishwa. Siku chache kabla, Bunge lilipitisha sheria ya kumpa rais anayeondoka faranga bilioni 1 na nyumba ya kifahari. Njia ya kutoka ilitengenezwa kwanza, ndipo mrithi akatafutwa. Pascal Nyabenda, spika wa Bunge, alitajwa sana kuwa chaguo la Nkurunziza. Majenerali walitajwa kumtaka katibu mkuu, Évariste Ndayishimiye. Akateuliwa Ndayishimiye, na chama hakikupasuka.

Lakini mvutano wenyewe ulimalizwa na wakubwa wachache, mbali na macho ya Wagumyabanga, yaani wanachama wa kawaida, wa mikoani. Uchaguzi wa rais unarudi 2027. La kuuliza tangu sasa ni nani ataandaa orodha, na itafika mkutanoni ikiwa na majina mangapi.