Zimwi nalo lina sarufi yake

HAPA Kabianga, ukimwonyesha mtu mchoro wa kiumbe chenye macho matatu na mguu mmoja, aghalabu utapata jibu moja kati ya mawili. La kwanza: "Hiyo ni ya kishetani, iondoe mbele yangu." La pili: "Kwani kitu kama hicho kipo?" Jibu la kwanza ni la mahubiri, la pili ni la elimu ya wanyama. Yote mawili yana heshima yake, lakini hakuna hata moja linalotuambia kama mchoro wenyewe ni mzuri au ni mbovu. Leo nataka tuulize swali la tatu, ambalo ndilo la mhakiki: je, kiumbe hiki kimebuniwa vizuri?

Hili si swali la anasa. Mtaala wa umilisi unawataka watoto wetu wachore, wafinyange na wabuni. Mtoto akipewa uhuru huo, hachori kikombe. Huchora dude. Mwalimu na mzazi wakikosa lugha ya kulizungumzia dude hilo, watalisifu bure au watalichana. Mtoto hajifunzi lolote katika hali zote mbili.

Basi tuanzie nyumbani. Katika hadithi za Wakalenjin yumo chemosit, mla watu anayetishiwa watoto wasiotaka kulala. Mwaka 1909, Alfred Claud Hollis, afisa wa serikali ya kikoloni, alichapisha kitabu chake The Nandi, na humo akaeleza umbo la kiumbe huyu jinsi alivyosimuliwa na Wanandi, jamaa wa Wakipsigis. Nusu yake ni mtu na nusu ni ndege. Ana mguu mmoja tu lakini makalio tisa. Mdomo wake ni mwekundu na usiku hung'aa kama taa. Hutembea kwa kujikongoja na fimbo inayofanana na mkuki. Huimba gizani karibu na maboma, na watoto wakisikia wimbo na kuona mwanga hudhani kuna ngoma, wakaenda, wakaliwa.

Soma tena maelezo hayo polepole, kama unavyosoma shairi. Kila kiungo kina kazi. Aliyembuni chemosit alimpa mguu mmoja, kisha akajiuliza swali ambalo wachoraji wengi wa leo hawajiulizi: sasa atatembeaje? Akampa fimbo. Fimbo nayo akaipa sura ya mkuki, kwa hiyo kilema cha kiumbe kikageuka kuwa silaha yake. Mdomo haukuwekwa mwekundu kwa ajili ya kutisha tu. Mdomo ni taa, taa ni chambo, na chambo chenyewe ndicho kitakachokutafuna. Mtego, mtegaji na sufuria ni kitu kimoja. Hebu niambie ni filamu gani ya kutisha uliyoitazama hivi karibuni iliyopanga mambo kwa ubanifu kama huo.

Kisha kuna yale makalio tisa. Hayo hayana kazi, bwana. Hayamsaidii kutembea wala kuwinda. Nimeyafikiria miaka mingi na sijaona sababu nyingine isipokuwa kicheko. Na hapo ndipo ninapoona ustadi mkubwa zaidi. Kiumbe ambacho kila kitu chake kina maelezo hugeuka kuwa mashine. Pakibaki jambo moja lisilo na maelezo, akili ya msikilizaji haipati pa kutulia. Mtoto anacheka, halafu taa zikizimwa anakumbuka kwamba alichokichekea kinakula watu.

Tazama sasa kilichompata chemosit alipoangukia mikononi mwa wale wa swali la pili. Kuanzia miaka ya 1910, walowezi na maafisa wa Kizungu walianza kuandika taarifa za mnyama wa kuogofya katika nyanda hizi za juu, wakamwita "dubu wa Nandi", na chemosit akachanganywa humo. Wengine walimsaka, wengine wakasema ni fisi mkubwa tu aliyeonekana vibaya gizani. Afrika kusini ya Sahara haina dubu wa mwituni, lakini hilo halikuwazuia. Katika msako huo mguu mmoja ukapotea, fimbo ikapotea, wimbo na taa vikapotea, na makalio tisa hayakutajwa tena. Kiumbe kilichobuniwa kwa akili nyingi kikapunguzwa kuwa mnyama mwenye manyoya. Wale wa mahubiri nao walimpunguza kwa njia yao: wakamtafsiri kuwa shetani, kana kwamba maovu yote ulimwenguni yana sura moja.

Lugha yetu ya Kiswahili ina hekima kuhusu viumbe hawa ambayo tumeisahau. Wanafunzi wa shule wanajua kwamba viumbe hai huingia katika ngeli ya A-WA hata umbo la nomino likiwa la ngeli nyingine. Twasema kipofu amefika, kiboko ameonekana. Lakini sikiliza methali: zimwi likujualo halikuli likakwisha. Hapo hatusemi zimwi akujuaye hakuli. Zimwi linakula, linajua, linaweza hata kukuhurumia kidogo, na bado methali inalinyima upatanisho wa walio hai. Limewekwa pamoja na jitu, dude na dubwana, katika LI-YA ya ukubwa na karaha. Shetani na jini hawamo humo, wao ni A-WA: shetani amempanda, jini amemtokea. Kisarufi basi, shetani ni nafsi. Zimwi limesimama mlangoni kati ya nafsi na kitu, na mlangoni hapo ndipo sanaa ya ajabu hufanyia kazi zake zote. Anayeita kila kiumbe cha ajabu "shetani" anakosea sarufi kabla hajakosea sanaa.

Neno lenyewe ni la ukoo mkubwa. Wataalamu wa lugha za Kibantu hulihusisha zimwi na mzimu na kuzimu, na pia na irimũ la Wagikuyu. Katika ngano za Kigikuyu, irimũ laweza kuja kama kijana mtanashati anayeposa binti, kumbe kisogoni, chini ya nywele, lina mdomo wa pili. Linganisha sasa midomo hii miwili. Chemosit anauonyesha mdomo wake kama taa ili uusogelee. Irimũ linauficha ili usikimbie. Wa kwanza ni kiumbe cha usiku na msitu, hatari inayotoka nje ya boma. Wa pili ni kiumbe cha mchana na posa, hatari inayokaribishwa ndani na kupewa kiti. Mabadiliko ya kiungo kimoja, kutoka usoni hadi kisogoni, yamebadilisha maana nzima ya hofu. Hiyo ndiyo ninayoiita sarufi.

Pwani nako kuna nunda, mla watu, katika kisa cha Sultani Majinuni ambacho Edward Steere alikichapisha katika Swahili Tales mwaka 1870. Nunda alianza kama paka wa nyumbani. Alipokula mifugo, sultani alisema paka ni wake na mifugo ni wake. Alipokula watu, sultani bado alimtetea, mpaka paka akala wana wake mwenyewe. Mwana mdogo alipokwenda kumsaka, kila mara alirudi na mnyama mwingine, hata twiga, kifaru na ndovu, na kila mara mama yake alimwambia bado, siye. Msimulizi hakimbilii kutuchorea nunda. Anatupitisha kwa wanyama wote tunaowajua ili tuone kwamba hakuna anayetosha. Ni mbinu ngumu, na anayeisema sana sanaa ya kisasa kwamba "haionyeshi kitu" afaa ajue kwamba bibi zetu waliitumia.

Tukitoka kwenye masimulizi tukaingia katika mti na rangi, kazi kubwa zaidi Afrika Mashariki ilifanywa na Wamakonde. Wachongaji waliohamia Dar es Salaam kutoka pande zote mbili za Ruvuma walianzisha mitindo kadhaa ya mpingo, na mmoja wao, Samaki Likankoa, ndiye anayetajwa kama mwanzilishi wa mtindo uitwao shetani, katika miaka ya 1950. Jina hilo limewaponza. Kwa Mswahili wa pwani, shetani si lazima awe yule adui wa Biblia na Kurani. Ni neno linalobeba pia pepo wa kila namna, wakali na wapole. Sanamu hizo zina jicho moja, sikio lililonyooka likawa mkono, tumbo lenye tundu linalopitisha mwanga. Ukitaka kuzihakiki, zizunguke. Iliyo nzuri hukulazimisha uzunguke, kwa kuwa kila upande unakanusha ulichokiona upande wa kwanza. Iliyo mbaya, na zimejaa katika vibanda vya watalii, ina upande mmoja tu: ni meno na macho yaliyotolewa nje, mgongo haukufikiriwa.

George Lilanga (1934–2005), Mmakonde aliyejulikana kupitia Nyumba ya Sanaa jijini Dar es Salaam, aliwachukua mashetani hao akawapaka rangi za kelele na kuwapa shughuli za kila siku. Wana masikio makubwa, midomo mikubwa, vidole viwili vitatu, na wako katika pilikapilika za mtaa kama sisi. Kuna wanaomwona Lilanga kuwa mchekeshaji tu. Mimi naona amefanya jambo la hatari kuliko kutisha. Ametuondolea umbali. Chemosit anakaa msituni, mashetani wa Lilanga wako kwenye foleni nyuma yako. Hata hivyo nakiri kwamba picha zake zikiwekwa nyingi pamoja hupungua nguvu, maana ajabu ikirudiwa mara hamsini huwa pambo la ukuta.

Wangechi Mutu, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1972, amelishughulikia tatizo hilo kwa njia nyingine. Viumbe wake wa mapema ni wa kubandika: amekata vipande vya majarida ya mitindo, michoro ya kitabibu, sehemu za pikipiki na za wanyama, akaunda wanawake ambao huwezi kuamua kama uwaonee huruma au uwakimbie. Mwaka 2014 alifanya maonyesho London na kuyaita kwa Kiswahili, Nguva na Nyoka. Nguva kwetu ni mnyama halisi wa baharini, na pia ni yule mwanamke-samaki wa hadithi. Jina moja linabeba viumbe viwili, nacho ndicho anachokitafuta. Mwaka 2019 aliweka sanamu nne za shaba katika vidaka vya uso wa jumba la Metropolitan jijini New York, vidaka vilivyokaa vitupu zaidi ya miaka mia moja. Ni wanawake walioketi, miili imefunikwa misokoto, na usoni au kichwani wana sahani za duara zilizosuguliwa zikang'aa. Ukitoka kwa chemosit huwezi kuzitazama sahani hizo ukatulia. Kitu kinachong'aa mahali pa uso kinakuita, na bado hujui kinakuitia nini.

Niseme neno kuhusu simu zetu. Siku hizi programu za akili unde zinatoa madubwana mia kwa dakika, na vijana wananiuliza kama bado kuna haja ya kujifunza kuchora. Nimeyatazama mengi. Mengi yao hujengwa kwa kuongeza: pembe juu ya pembe, meno ndani ya meno, mabawa ambayo hayangeinua hata kifaranga. Hayajui kanuni ipi yanaivunja, kwa hiyo yanazivunja zote, na panapovunjwa kila kitu hakuna kinachoshtua. Chemosit alivunja chache, akazilipia kila moja. Si kosa la mashine pekee, maana kuna wachoraji wa mkono wanaofanya vivyo hivyo. Dawa ni uhakiki.

Na uhakiki huu si mgeni kwetu. Katika fasihi tumeshajifunza. Kezilahabi alipotoa Nagona mwaka 1990, wengi waliiona riwaya isiyoshikika. Said Ahmed Mohamed akamfufua babu katika Babu Alipofufuka mwaka 2001, Kyallo Wadi Wamitila akatoa Bina-Adamu! mwaka 2002. Leo kazi hizi zinasomwa vyuoni bila mtu kuuliza kama wafu hufufuka kweli. Tuliwapa wanafunzi maswali ya kuulizia. Picha na sanamu zinastahili maswali hayo hayo.

Kwa hiyo mwalimu, na wewe mzazi, mtoto akikuletea dude alilochora, usimuulize kama lipo, wala usimkemee kwa jina la dini. Muulize linatembeaje. Muulize linakula nini na kwa mdomo upi, linakaa wapi, na nini kitatokea likikutana na mvua ya Kericho. Akishajibu yote, mwachie kitu kimoja asichoweza kukieleza. Halafu mtume kwa kogo, au kwa bibi yake wa lugha yoyote ile, akamuulize zimwi la kwao linaitwaje na lina sura gani. Wanaoyajua majina hayo na maumbo yake wanapungua kila mwaka, na dubu wa Nandi hawezi kushika nafasi zao.