Roboti Zinazojua Kuachiana

Jamani, muione programu yangu ya majaribio ikitembea! Nukta za buluu kwenye skrini ni roboti. Nyekundu, nyingi kuliko hizo, ni ng'ombe niliowatawanya kwenye ramani kama wanavyotawanyika malishoni Bihambwe, huku Masisi, mashariki mwa Kongo. Kundi likasambaratika pande tatu. Nilidhani roboti zote zitakimbilia upande mmoja. Wapi! Moja ikabaki, ya pili ikageuka, ya tatu ikaelekea kule mbali, na hakuna aliyeziamrisha.

Mbinu inayoziongoza ni ya Lynne Parker, mtafiti Mmarekani, na ilichapishwa katika jarida la Autonomous Robots mwaka 2002. Kila kinachofuatiliwa, hapa ng'ombe, huivuta roboti. Roboti nyingine ikisogea karibu mno, huisukuma. Utamu wenyewe ni huu: ng'ombe akishatazamwa na roboti moja, mvuto wake kwa nyingine hupungua, nazo huenda kumtafuta yule asiye na wa kumtazama. Nimekaa nikiangalia hilo tu, likijirudia, na sichoki!

Roboti hizo zinaweza kuwa droni, na sisi wa Kivu ya Kaskazini tunaijua thamani ya jicho la angani. Desemba 2013, MONUSCO, ujumbe wa kulinda amani wa Umoja wa Mataifa, ilizindua mjini Goma ndege za Falco, zisizo na rubani wala silaha, za kwanza za aina hiyo kutumiwa na umoja huo kwa upelelezi. Mei 2014 moja iliona boti ikizama Ziwa Kivu, na watu zaidi ya kumi wakaokolewa. Lakini ajali ile ilikuwa mahali pamoja. Risasi zikilia milimani, mama hushika njia ya Rubaya, watoto wengine huingia porini, mifugo huteremka bondeni. Jicho moja limfuate nani?

Kasoro ipo, na kwetu ni kubwa. Mbinu imebuniwa kwa uwanja tambarare, na roboti sharti ziambizane zinachokiona. Nilipopunguza umbali wa redio, kama mlima unavyoweza kufanya, roboti mbili zilimng'ang'ania ng'ombe mmoja bila kujuana, wengine wakapotea. Ndiyo sababu nataka ijaribiwe hapa hapa, kwenye ukungu na miteremko ya Masisi! Wanafunzi wa Goma, ichukueni. Amani ikiruhusu, droni ndogo mbili tatu zinatosha kuanzia, na wachungaji wa Bihambwe ndio wawe wasahihishaji: wao wanamjua kila ng'ombe na alikopitia.