Neno Katikati ya Mstari

Mwanafunzi anaandika kwa Kiingereza: "We discussed about the problem." Mwalimu anapiga mstari mwekundu chini ya "about" na kumrudishia daftari. Kwa mtu aliyekulia kwenye Kiswahili, kosa hilo halionekani. Nyumbani watu hujadili kuhusu shamba, hujadili kuhusu mahari. Kwa nini Kiingereza kikatae? Wiki inayofuata, "about" iko palepale.

Sasa mwanafunzi huyohuyo akae mbele ya kompyuta yenye programu ya kupekua maandishi. Anaandika "discuss", anabonyeza. Skrini inajaa mistari iliyokatwa kichwa na mkia, mmoja umetoka gazetini, mwingine kwenye ripoti, mwingine kwenye riwaya, na neno lililotafutwa limepangwa katikati, moja chini ya jingine, kama nguzo. Hakuna haja ya kusoma mstari mzima. Jicho linateremka upande wa kulia wa nguzo: "discuss the", "discuss how", "discuss whether", "discuss their". Anashuka na kushuka, "about" haipo. Anajaribu nomino, "discussion", na hapo "about" inajitokeza, ikiwa bega kwa bega na "of". Kumbe kitenzi kinaikataa, nomino inaikubali! Amegundua kanuni ambayo hakuna aliyemtajia.

Aliyeipa kazi hii jina ni Tim Johns, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, aliyefariki mwaka 2009. Wanafunzi wake walikuwa wageni waliokuja kusoma shahada za juu, watu wazima wenye taaluma zao, ambao Kiingereza kiliwasumbua pale tu walipotaka kusema jambo kwa usahihi. Pamoja na mwenzake Tony Dudley-Evans, alifundisha wanafunzi wa usafirishaji na wa biolojia ya mimea kwa mtindo ambao vyuo vingi bado havijathubutu kuujaribu: mhadhara wa somo unarekodiwa, kisha mwalimu wa lugha na mwalimu wa somo wanakaa na wanafunzi chumba kimoja kuchambua kilichosemwa. Mtu aliyezoea kusikiliza kwa namna hiyo hupata maswali ambayo vitabu vya sarufi huyaruka. "Therefore" na "hence" zinatofautianaje? Ni lini mtu aandike "convince" na lini "persuade"?

Johns hakujifanya anajua kila jibu. Alimwalika mwanafunzi watafute pamoja, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 akauita utaratibu huo ujifunzaji unaoongozwa na data. Mwaka 1993 yeye na Mike Scott walitoa MicroConcord, programu ya kupekua maandishi kwa namna hiyo, kupitia Oxford University Press.

Wazo lenyewe lina umri mkubwa. Wahubiri wa Kiswahili wanaijua itifaki ya Biblia, kitabu kinachoonyesha kila mahali neno lilipotajwa katika Maandiko. Watawa wa Kidominiko jijini Paris, wakiongozwa na Hugh wa Saint-Cher, walitengeneza ya kwao kwa mkono katika karne ya 13. Kompyuta ilichoongeza ni kasi, na maandishi ya kila siku. Birmingham yalikuwepo mengi: hapohapo chuoni, John Sinclair na timu yake walikuwa wamekusanya mamilioni ya maneno ya Kiingereza halisi, na mwaka 1987 wakatoa kamusi ya COBUILD iliyojengwa juu ya ushahidi huo.

Ufundi wa mwalimu uko wapi basi, ikiwa mashine ndiyo inayotafuta? Uko kwenye uteuzi. Mistari mia tatu humzamisha mwanafunzi. Ishirini humfungua macho. Mwalimu hukaa na mistari yake kama mpishi na ungo wa mchele, akiondoa yenye maneno magumu kupita kiasi, akibakisha inayosema kitu. Na hapa kuna jaribu kubwa: mstari mmoja unaopinga kanuni aliyoitangaza jana. Ni rahisi kuutupa pamoja na chuya. Mwalimu mwaminifu huuacha, akajiandaa kuulizwa. Baadaye hufuta neno la katikati, huchapa karatasi, na kuwauliza wanafunzi ni neno gani moja linaloingia katika mapengo yote.

Johns alihifadhi pia mazungumzo yake na mwanafunzi mmojammoja juu ya sentensi zao: ilivyoandikwa, ilivyorekebishwa, na ushahidi uliowafikisha hapo. Aliyaita Kibbitzers, neno la Kiyidi la mtu anayesimama nyuma ya wacheza karata akitoa ushauri. Aliyewahi kukaa baraza la bao Unguja anamjua mtu huyo. Hashiki kete, lakini macho yake yako kwenye mashimo yote.

Mwaka 2017 watafiti Alex Boulton na Tom Cobb walijumlisha matokeo ya tafiti 64 za ufundishaji wa aina hii, wakakuta faida kubwa kwa wanafunzi. Zana nazo zimeshuka bei hadi sifuri: AntConc, iliyotengenezwa na Laurence Anthony wa Chuo Kikuu cha Waseda nchini Japani, hupatikana bure, na ikishapakuliwa hufanya kazi bila intaneti. Kwa chuo kinachohesabu bando, hilo si jambo dogo. Mhadhiri anaweza kukusanya insha za wanafunzi wake, pamoja na makala za fani yao, akaziweka kwenye flashi na kuingia darasani.

Kiswahili nacho kina hazina yake. Huko Ufini, Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alisimamia kukusanywa kwa maandishi ya Kiswahili ambayo sasa yamefikia takriban maneno milioni 25. Mgeni anayejiuliza kama Waswahili hujadili jambo au hujadili kuhusu jambo anaweza kuandika "kujadili", akabonyeza, kisha akashusha macho upande wa kulia.