Mwili Bila Neno: Woody Strode na Sura ya Lumumba katika Sinema

1. Utangulizi

Mwaka 1968 mwongozaji wa Italia Valerio Zurlini alitoa filamu iitwayo Seduto alla sua destra, yaani "Ameketi Kuumeni Kwake". Mhusika wake mkuu ni Maurice Lalubi, kiongozi wa Kiafrika anayesalitiwa, anayekamatwa, anayeteswa na hatimaye kuuawa. Mtazamaji wa Kongo hahitaji kuelezwa ni nani aliyefichwa nyuma ya jina hilo. Patrice Lumumba alikuwa ameuawa miaka 7 tu kabla ya hapo, tarehe 17 Januari 1961, karibu na mji wa Élisabethville, ambao leo ni Lubumbashi.

Aliyepewa kazi ya kumwigiza Lalubi ni Woody Strode, Mmarekani mweusi aliyekuwa mwanariadha, mchezaji wa kandanda ya Kimarekani na mpiga mieleka kabla ya kujulikana kama mwigizaji. Uchaguzi huo unazusha swali ambalo wahakiki wa filamu hiyo hawana budi kulikabili. Lumumba alikuwa mtu wa neno: silaha yake ilikuwa hotuba, gazeti na redio. Strode alijulikana kwanza kwa mwili wake. Je, mtu wa neno anapovikwa mwili wa mpiga mieleka, kinachopatikana ni nini na kinachopotea ni nini? Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba jibu haliwezi kupatikana katika filamu hiyo peke yake, bali katika maisha mazima ya mwigizaji, kwa kuwa jambo lililompata Lumumba kwenye sinema lilikuwa limekwisha kumpata Strode mwenyewe.

2. Kutoka uwanjani hadi ulingoni

Woodrow Wilson Woolwine Strode alizaliwa Los Angeles tarehe 25 Julai 1914. Katika Chuo Kikuu cha California cha mji huo alishiriki dekathloni, yaani riadha za aina kumi, na akacheza kandanda ya Kimarekani. Mwaka 1939 timu ya chuo hicho ilimaliza msimu bila kushindwa, ikiwa na Strode, Kenny Washington na Jackie Robinson, wote vijana weusi. Hata hivyo mlango wa ligi kuu ya kulipwa ulikuwa umefungwa: tangu msimu wa mwaka 1933 kumalizika, hakuna mchezaji mweusi aliyeajiriwa humo. Ulifunguliwa mwaka 1946 tu, Washington na Strode walipoingia katika timu ya Rams iliyokuwa imehamia Los Angeles, mwaka mmoja kabla Robinson hajavunja kizuizi kama hicho katika mchezo wa besiboli. Lakini Strode alikuwa na umri wa miaka 32, akacheza msimu mmoja tu, kisha akaachwa. Alikwenda Kanada, na mwaka 1948 akatwaa Kombe la Grey pamoja na timu ya Calgary. Kwa hiyo heshima ya kufungua njia aliipata wakati ambapo nguvu za kuitembea njia hiyo zilikuwa zimeanza kupungua.

Mieleka ya kulipwa ilimpa riziki kwa miaka mingi, hata baada ya kuanza kuigiza. Jambo hili si dogo kwa mhakiki. Mieleka ya aina hiyo nchini Marekani ni onyesho zaidi kuliko shindano. Mwema na mwovu hutambulika kwa mwendo, kwa mavazi na kwa namna ya kusimama. Mtazamaji aliyeketi mbali hasikii maneno, bali husoma viungo. Ulingo ukawa shule ya uigizaji ya Strode. Humo alijifunza kutulia, kugeuza kichwa polepole, kuacha uzito wa mwili useme kabla ya pigo. Sinema ilipomwita, ilimkuta amekwisha kuiva katika fani hiyo, nayo ikaridhika nayo kupita kiasi.

3. Mwili unaosema, kinywa kinachofungwa

Orodha ya kazi zake za kwanza inatosha kuonyesha jinsi Hollywood ilivyomwona. Mwaka 1941 alipewa nafasi ndogo katika Sundown, hadithi inayotendeka Kenya. Mwaka 1956, katika The Ten Commandments, alikuwa mfalme wa Ethiopia. Baadaye mwongozaji John Ford alimvisha hata sura ya shujaa wa Wakomanche na ya mpiganaji wa Kimongolia. Aliweza kuwa mtu wa taifa lolote, mradi liwe mbali na mradi asiseme mengi.

Kilele cha mtindo huo ni Spartacus ya mwaka 1960. Strode ni Draba, mtumwa Mwethiopia anayelazimishwa kupigana mbele ya matajiri wa Kirumi. Spartacus anapomuuliza jina, anakataa kulitaja: hapa watu huja kuuana, urafiki hauna nafasi. Baadaye wawili hao wanapambanishwa. Draba, mwenye wavu na mkuki wa ncha tatu, anashinda. Anaamriwa kuua. Anamtazama aliye chini, kisha anawageukia walio juu, anawatupia mkuki wake na kuparamia jukwaa lao, na hapo ndipo anapouawa. Katika tukio hilo hakuna hotuba. Uamuzi wote wa kimaadili umebebwa na shingo inayogeuka. Kwa kazi hiyo Strode aliteuliwa kuwania tuzo ya Golden Globe ya mwigizaji msaidizi. Lakini izingatiwe kwamba tendo la Draba linazaa uasi ambao wengine watausemea. Mweusi anatoa mwili. Neno linabaki kwa Spartacus.

Mwaka huohuo Ford alimpa nafasi iliyo tofauti katika Sergeant Rutledge. Sajenti mweusi wa kikosi cha tisa cha wapanda farasi anashtakiwa mbele ya mahakama ya kijeshi kwa ubakaji na mauaji. Muundo wa filamu una maana kubwa: sehemu kubwa ya hadithi inasimuliwa na mashahidi, na mshtakiwa anaonekana kupitia vinywa vya wengine. Kisha zamu yake inafika. Aliulizwa kwa nini, baada ya kutoroka na kuwa huru, alirudi kuwaokoa wenzake wasivamiwe. Hapo mnara ule wa ukimya unavunjika. Sauti inatetemeka, machozi yanatoka, na mtu anadai kutambuliwa kuwa ni mtu. Tukio hilo linakanusha dhana kwamba Strode alinyamaza kwa kukosa uwezo. Alinyamaza kwa sababu ni mara chache mno alipoandikiwa maneno. Na hata katika filamu hiyo iliyobeba jina la mhusika wake, majina ya waigizaji weupe yalitangulizwa mbele ya lake.

Mwaka 1968 Sergio Leone alimweka katika ufunguzi wa Once Upon a Time in the West. Wauaji watatu wanasubiri gari moshi. Maji yanadondoka juu ya kofia ya Strode, naye hatikisiki. Mwishowe anayanywa kutoka ukingoni mwa kofia hiyo. Hakuna anayesahau picha hiyo. Lakini gari moshi linapofika na kuondoka, yeye amekwisha kufa, na filamu inaendelea bila yeye kwa zaidi ya saa mbili.

4. Lalubi na Lumumba

Sasa ndipo Zurlini anapoweza kuhukumiwa kwa haki. Filamu yake ilimpa Strode kile ambacho Hollywood ilimnyima: nafasi ya kwanza. Ilichaguliwa kushindana Cannes mwaka 1968, tamasha ambalo lilikatizwa na machafuko ya mwezi wa Mei. Dhamira yake ni ya heshima, kwani inawalaani mamluki na mabwana zao. Lakini mfano uliotumiwa ni Mateso ya Yesu. Lalubi ni mhubiri wa amani. Mwizi Mwitaliano aliyefungwa naye ni yule mwizi mwema wa Injili, na jina la filamu linaelekeza huko. Filamu ilipopelekwa Marekani iliitwa waziwazi Black Jesus, "Yesu Mweusi".

Matokeo yake ni kwamba siasa inageuka kuwa mateso. Lumumba wa tarehe 30 Juni 1960, aliyesimama mbele ya mfalme Baudouin na kutaja bila kuficha aibu za ukoloni, haonekani. Anayeonekana ni mwili mkubwa, wenye nguvu, unaovumilia. Lumumba alikuwa kijana mwembamba wa miaka 35, mwenye miwani; Strode alikuwa amepita miaka 50, mwenye kifua cha mwanariadha. Tena, kwa desturi ya sinema ya Italia ya wakati ule, mazungumzo yaliingizwa studioni, hivyo katika nakala ya Kiitaliano hata sauti inayosikika si ya Strode. Ikumbukwe kwamba mwezi wa Septemba 1960 redio ya Léopoldville ilifungwa na Umoja wa Mataifa, Lumumba akakosa njia ya kuwafikia wananchi. Pasipo kukusudia, sinema ya kumtukuza ilirudia tendo hilohilo la kumnyang'anya sauti.

Hata hivyo hukumu haiwezi kuishia hapo. Mwili wa Lumumba ulikatwakatwa na kuyeyushwa kwa asidi ili usipatikane popote. Kilichobaki ni jino, ambalo Ubelgiji ililirudisha kwa familia yake mwaka 2022, likazikwa Kinshasa. Kwa mtu asiyeachiwa hata kaburi, mwili wa Strode uliojaa skrini nzima una maana ambayo Zurlini mwenyewe huenda hakuitambua. Waliofuta mwili walitaka pasiwe na kitu cha kutazamwa. Filamu inamlazimisha mtazamaji atazame.

5. Njia nyingine mbili

Ulinganisho na Yesu haukuwa wa Wazungu peke yao. Katika miaka ya 1970 mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, aliyeisimulia historia ya nchi kwa picha na kwa Kiswahili cha Shaba mbele ya mtafiti Johannes Fabian, alichora misalaba mitatu nyuma ya maiti ya Lumumba na wenzake Mpolo na Okito. Tofauti ni kwamba picha hiyo ni moja katika mfululizo mrefu. Humo Lumumba anahutubia, anakamatwa, anakufa. Nayo maneno yameandikwa juu ya turubai na kufafanuliwa na mchoraji. Msalaba unakuja baada ya hotuba, hauchukui mahali pake.

Raoul Peck, katika filamu yake Lumumba ya mwaka 2000, alipita njia nyingine: alionyesha miili ikifukuliwa na kuharibiwa usiku, huku marehemu mwenyewe akisimulia. Mwili unatoweka, sauti inabaki. Ni kinyume kamili cha Zurlini.

6. Hitimisho

Strode alifariki tarehe 31 Desemba 1994. Miaka minne kabla yake, pamoja na Sam Young, alikuwa ametoa kitabu cha maisha yake, Goal Dust. Yaani neno lilimjia mwishoni, na halikupitia kwenye sinema. Kumlaumu yeye kwa sura ya Lalubi ni kumlaumu mtu kwa mlango ambao wengine waliufunga. Alichopewa alikifanya kwa ukamilifu: alisimama. Mafunzo ya ulingo yalimwezesha kubeba heshima mahali pasipoandikwa heshima.

Lakini kwa wanaofundisha historia ya Kongo kwa njia ya filamu, sharti moja linabaki. Seduto alla sua destra isionyeshwe peke yake. Iandamane na hotuba ya tarehe 30 Juni, ili wanafunzi wanaouona mwili ukiteswa wajue pia ni neno gani lililofanya uteswe.