Kimya cha Mwanaheri: Kijana na Jeraha katika Chozi la Heri

Makala haya yanakusudia kuitazama riwaya ya Assumpta K. Matei, Chozi la Heri (2014), kama riwaya ya vijana walionusurika maafa. Kwa kawaida huhakikiwa kwa upande wa ukabila, ardhi na uongozi mbaya, na mambo hayo yamo. Lakini ilipokuwa ikitahiniwa katika shule za upili nchini Kenya, kuanzia mwaka 2018, wasomaji wake wengi walikuwa vijana. Na hapa Kisumu baadhi yao walikuwa watoto wadogo risasi zilipolia Kondele na Nyalenda, baada ya matokeo ya uchaguzi kutangazwa tarehe 30 Desemba 2007. Tume ya Jaji Waki ilihesabu vifo 1,133 nchini kote, na katika Nyanza wengi wa waliokufa walipigwa risasi. Msomaji wa namna hiyo hana haja ya kuelezwa vita ni nini. Atakalo kujua ni jinsi mtoto aliyeyaona hayo anavyoishi baadaye.

Matei analijibu swali hilo hasa katika Shule ya Tangamano. Umulkheri, aliyeachwa na mama, akafiwa na baba, kisha akapotezewa nduguze wawili, awakuta huko Kairu, Zohali, Chandachema na Mwanaheri, na kila mmoja anasimulia yaliyomfika. Wasichana hawa husema Kiswahili fasaha mno, chenye methali na tamathali tele, hata mhakiki aweza kulalamika kwamba aliyeumia hasemi hivyo. Lalamiko hilo ni la haki, ila lisitufiche jambo kubwa zaidi. Kisa cha kubakwa kwa Mwanaheri na nduguye Lime twakipata kwa kinywa cha baba yao, Kaizari. Zamu ya Mwanaheri mwenyewe ifikapo, uzito wa masimulizi yake waangukia kuondoka kwa mama yake, Subira.

Katika Speak (1999), Laurie Halse Anderson wa Marekani alimfanya msichana aliyebakwa awe karibu bubu shuleni, na kimya hicho ndicho kinachoijenga riwaya nzima. Mwandishi wa makala haya aliisoma ng'ambo alipokuwa akisomea shahada ya uzamili, akadhani Matei ameshindwa pale Anderson alipofaulu. Sasa haamini hivyo. Msichana wa Anderson ametengwa na wenzake. Mwanaheri anao wa kumsikiliza, na kwa hiyo kimya chake kimejificha ndani ya maneno mengi. Anachagua msiba atakaoutoa mbele ya watu. Wajaluo walikuwa na siwindhe, nyumba ya bibi mzee aliyeitwa pim, walimolala watoto wakifundishwa kwa hadithi na vitendawili. Tangamano ni siwindhe isiyo na pim: wasichana wenyewe ndio walezi, na ndio walelewa.

Udhaifu wa riwaya uko mwishoni. Kukutana tena kwa Umu, Dick na Mwaliko kwaletwa na bahati, na bahati hiyo yamnyang'anya kijana kazi aliyokwisha kuianza kwa juhudi yake. Msomaji ambaye nduguye amezikwa hana bahati ya kuingoja.

Hata hivyo, kosa kubwa zaidi ni letu sisi walimu. Nilipokuwa nikikagua mafunzo ya ualimu katika shule moja ya ufuoni, darasa lilipewa swali: "Taja athari saba za vita kwa vijana." Msichana mmoja alikabidhi karatasi yenye hoja sita. Nilipomwuliza kuhusu ya saba alijibu, "Naijua, Mwalimu. Sikutaka kuiandika." Alipoteza alama. Kwa maoni yangu alikuwa ameielewa riwaya kuliko yeyote darasani, kwa kuwa alifanya kama alivyofanya Mwanaheri.

Yafaa basi wanaofundisha kazi za namna hii, na wanaozitungia maswali, waache kuhesabu majeraha. Wamwulize mwanafunzi ni nani anasimulia kisa gani, mbele ya nani, na ni kipi kinachosemwa na mwingine kwa niaba yake. Maswali hayo ni ya fani, na hayamlazimishi mtoto kufunua lake. Hapo ndipo riwaya itakapowafaa vijana wa Kondele na wa Nyalenda, kama siwindhe ilivyowafaa waliowatangulia.