Ngata

Asubuhi, kwenye njia inayoteremka kutoka Kamembe kwenda mpakani, hupita mama mmoja amejitwisha trei za mayai juu ya ngata ya kitenge. Hazishiki kwa mkono. Anavuka mto Rusizi kwenda Bukavu katikati ya msukumano wa watu, na mimi humtazama shingo.

Nilimkumbuka niliposoma habari za paklitaseli, dawa ya saratani iliyopatikana kwanza katika gome la mti wa magharibi mwa Marekani. Ni dawa hodari, ila haiyeyuki majini, na damu kwa sehemu kubwa ni maji. Kwa miaka mingi iliyeyushwa kwa alkoholi na kimiminika kitokanacho na mafuta ya nyonyo. Ngata hiyo yenyewe iliumiza: miili ya baadhi ya wagonjwa iliikataa, ikabidi wapewe kwanza dawa za kuzuia mzio, kisha wakae na dripu saa tatu.

Walioitafutia dawa hii ngata nyingine waliikuta ndani ya damu. Damu ina mchukuzi wake, protini iitwayo albumini, ambayo kila siku hubeba mafuta na homoni. Dawa na albumini vikapitishwa pamoja kwenye upenyo mwembamba kwa shinikizo kubwa, vikashikana kuwa chembe za nanomita 130 hivi. Zaidi ya 7,000 kwa mstari ndipo zitimize milimita moja. Dripu ikawa nusu saa. Mwaka 2005 Marekani iliidhinisha dawa hiyo, Abraxane, kwa saratani ya matiti iliyosambaa. Sumu ni ileile ya zamani. Akili yote iliingia kwenye ubebaji, na hilo ndilo ninalolistahi.

Bado nywele hunyonyoka na vidole hufa ganzi, maana mzigo huangukia pia milango isiyohusika. Wengine sasa wanajaribu feritini, ghala la mwili la madini ya chuma: vipande 24 vilivyofumana kuwa tufe lenye uwazi ndani. Katika asidi kali hufunguka. Asidi ikiondolewa hujifunga, dawa ikiwa ndani. Seli nyingi za saratani zina njaa ya chuma, hivyo feritini ikibisha hodi hufunguliwa. Kazi ngumu ni kuutua mzigo humo ndani, kwa wakati wake.

Siku moja nilivuka na yule mama.

"Mama, hayavunjiki njiani?"

"Njiani hapana. Yanavunjikia pa kushusha."

Akainama kidogo, nikamtua trei ya juu kwa mikono miwili.